Balbu ya Hue, sensa ya Aqara, plagi ya Tuya: jinsi ya kuviweka vyote kwenye meshi moja

Kama una balbu za Philips Hue, sensa za mlango za Aqara na plagi za Tuya basi najua simu yako ikoje, apu tatu, akaunti tatu, paswedi tatu, na hakuna apu hata moja inayomjua mwenzake. Unataka kitu kidogo tu, mlango ukifunguliwa usiku taa ya korido iwake, lakini sensa iko kwa huyu na taa iko kwa yule. Wengi wakifika hapo wanaanza kununua kila kitu upya cha kampuni moja. Usinunue kwanza. Geuza boksi la kila kifaa utafute neno Zigbee, yaani redio ya vifaa vya nyumbani kuongea bila waya, maana vingi vya hawa watatu vinatumia Zigbee hiyo hiyo, ni vile tu kila mmoja amekuuzia habu yake, yaani kile kiboksi cha kuunganishia vifaa vyake.

Tunachofanya hapa ni kuachana na habu zao na kuweka stiki moja ya USB ambayo haina ubaguzi.

Kwanza elewa meshi yenyewe inavyofanya kazi. Zigbee iko masafa ya 2.4GHz kwa nguvu ndogo sana, kwa hiyo kwenye nyumba zetu za tofali za bloku na slabu yenye nondo haifiki mbali, kuta mbili tatu imechoka. Kwa hiyo vifaa vinapasiana ujumbe kama vijana wa saiti wanavyopasiana karai za zege mpaka ufike kwenye stiki. Ila sio kila kifaa kinapasia! Kinachopasia ni kile kinachokula umeme wa ukutani muda wote, yaani plagi, balbu, na swichi zenye nyutro (waya wa kurudisha umeme). Sensa ya betri muda mwingi imelala, inaamka inatuma ya kwake inalala tena, ya mwenzake haiijui. Kwa hiyo mtu mwenye sensa kumi na plagi sifuri hana meshi huyo, ana sensa kumi zinagombania stiki moja.

Vifaa vya kuanzia: kompyuta inayowaka masaa yote, Raspberry Pi 4 inatosha kabisa, au ile kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika, na hata laptopu ya zamani ni nzuri kwa sababu ina betri yake umeme ukikata haizimi. Alafu stiki ya Zigbee, mfano Sonoff Dongle Plus, iwe ya P au ya E zote zinafanya kazi. Zile stiki za zamani zenye chipu ya CC2531 achana nazo hata ukipewa bure, zinabeba vifaa kama 20 tu vya moja kwa moja na zinakwama kwama. Kwenye kompyuta weka Home Assistant, programu ya kuendeshea vifaa vya nyumba nzima, ni bure, alafu ndani yake weka Mosquitto (inayopitisha ujumbe) na Zigbee2MQTT (inayoongea na stiki). Ipo pia ZHA ya kazi hiyo hiyo ya kuongea na stiki, ambayo inakuja humo humo ndani na ni rahisi zaidi kuwasha, ila mimi napenda Zigbee2MQTT kwa sababu inatambua maelfu ya vifaa, hadi vile vya Tuya visivyo na jina. Chagua moja, stiki moja haiwezi kutumikia zote mbili.

Stiki usiichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Hii watu wanaidharau sana. Tundu za USB 3, zile za bluu, zinatoa kelele kwenye hiyo hiyo 2.4GHz na stiki inakuwa kama kiziwi, kwa hiyo tumia waya wa USB wa kurefusha, mita moja hivi, chomeka kwenye tundu jeusi la USB 2 na stiki ikae mbali na kompyuta na mbali na ruta ya waifai.

Kabla hujaunganisha kifaa hata kimoja panga chaneli. Zigbee ina chaneli 11 hadi 26, na Zigbee2MQTT usipoigusa inaanzia 11. Sasa angalia ruta yako ya waifai iko chaneli gani upande wa 2.4GHz: ikiwa 1 inafunika 11 hadi 14 za Zigbee, ikiwa 6 inafunika kama 16 hadi 19, ikiwa 11 inafunika 21 hadi 24. Namba zisikuchanganye, 11 ya waifai sio 11 ya Zigbee. Mimi ningeweka waifai kwenye 1 au 6, upana 20MHz, alafu Zigbee 25. Ya 26 iache, kuna vifaa haviipendi. Fanya hivi mwanzoni kabisa kwa sababu ukija kubadilisha chaneli ukiwa tayari na vifaa thelathini, vingine itabidi uviunganishe upya kimoja kimoja.

Sasa kuunganisha. Anza na plagi, sio sensa. Chomeka plagi ya kwanza chumba cha jirani na stiki, inayofuata korido, inayofuata mbali zaidi, unatoka ndani kwenda nje. Kwenye Zigbee2MQTT bonyeza Permit join, mlango unakuwa wazi sekunde 254, alafu shikilia kitufe cha plagi kama sekunde 5 mpaka taa yake ianze kupepesa. Balbu ya IKEA unaizima na kuiwasha haraka mara 6. Ya Hue kama ilikuwa kwenye habu yake ifute kule kwanza kwenye apu yao, maana kifaa cha Zigbee kinakaa mtandao mmoja tu kwa wakati. Sensa ya Aqara shikilia kitufe sekunde 5, na stiki inapoisaili endelea kugusa kitufe kila sekunde moja isije ikasinzia katikati ya maswali. Na sensa iunganishe ikiwa pale pale itakapokaa, usiiunganishe mezani alafu ukaibeba hadi getini, hasa Aqara za zamani, zikishamshika mpitishaji mmoja haziachi hata kama zimeshakuwa mbali naye, unashtukia imepotea. Permit join ukibonyeza kamshale kake unaweza kuchagua iingie kupitia plagi ipi.

Mbona nasisitiza plagi na sio balbu? Balbu nayo inapasia vizuri tu, shida ni mikono ya watu. Dada anazima taa ya sebule kwenye swichi ya ukutani kama alivyozoea miaka yote, balbu imekufa, na kila sensa iliyokuwa inapitia kwake imekosa njia. Swichi janja za ukutani zingetatua hili ila boksi nyingi za swichi kwenye nyumba zetu zina laivu na waya wa kwenda kwenye taa basi, nyutro haipo, na swichi za bila nyutro kwa kawaida hazipasii. Kama ndio unajenga mwambie fundi umeme avute nyutro kwenye kila boksi la swichi, sasa hivi ni waya tu, baadae ni kupasua ukuta.

Alafu kuna umeme kukata, au LUKU kuisha saa nane usiku. Plagi zote zinazima, meshi yote chini, imebaki stiki na sensa zilizo karibu nayo. Kwa hiyo sensa za ulinzi, mlango mkubwa na geti, hakikisha angalau plagi moja ya njia yake iko kwenye laini ya inveta au sola. Ruta na kompyuta weka kwenye UPS ndogo (betri ya akiba), Raspberry Pi 4 inataka 5V 3A kwa hiyo soma nyuma ya hiyo UPS kabla ya kulipia. Na umeme ukirudi balbu nyingi zinawaka zenyewe, nyumba nzima imewaka saa kumi alfajiri watoto wanalia. Ingia kwenye kila balbu tafuta power-on behavior weka previous, iliyokuwa imezimwa inabaki imezimwa.

Matter na Thread je? Thread nayo ni meshi, ya redio ya aina moja na Zigbee (802.15.4), ila havipasiani, ni mitandao miwili tofauti. Matter ni lugha ya pamoja ya vifaa tu, inayokaa juu ya mtandao, kifaa cha Matter kinachotumia waifai hakikuongezei meshi chochote. Home Assistant inazipokea zote, kwa hiyo ukinunua kimoja kesho hakitakuharibia.

Vyote vikishaingia subiri siku moja au mbili meshi itulie ndio ufungue ramani kwenye Zigbee2MQTT uone nani anapitia kwa nani. Sensa isiyo na mstari wa maana ongeza plagi katikati yake na stiki, sio kununua stiki kubwa zaidi. Na faili la coordinator_backup.json, ambamo Zigbee2MQTT inatunza kumbukumbu ya mtandao wako, nakili uweke nje ya hiyo kompyuta, stiki ikiungua unanunua nyingine ya aina hiyo hiyo unairudishia, huzunguki tena nyumba nzima kushikilia vitufe.