Somo: Kuomba uzamili wa hisabati ya fedha ukiwa na msingi mdogo wa hesabu

Wadahili husoma matokeo yako kozi kwa kozi, kwa hiyo pengo la hesabu huzibwa kwa gredi. Maneno matamu kwenye barua hayalizibi.

Hatua ya 1. Chukua matokeo yako ya chuo, yalinganishe na masharti ya programu tano au sita. Utakuta yanarudiarudia: kalkulasi hadi ya vigeu vingi, aljebra ya mstari, milinganyo tofautishi, uwezekano, takwimu, na kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya C++ au Python.

Hatua ya 2. Anza na kalkulasi ya vigeu vingi na aljebra ya mstari, kisha uwezekano. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanahesabu kozi ya takwimu za biashara kuwa ndiyo uwezekano. Ile inakufundisha kuchomeka namba kwenye fomula. Inayotakiwa ni ile ambayo unatafuta uwezekano mwenyewe kwa kalkulasi, yaani kuintegreti densiti (fomula inayoonyesha uwezekano ulivyosambaa).

Jipime na hili. Korelesheni (kipimo cha −1 hadi 1 cha jinsi vitu viwili vinavyokwenda pamoja) ya hisa A na B ni 0.9, ya B na C ni 0.8. Je, ya A na C inaweza kuwa 0? Haiwezi. Ukizipanga korelesheni hizo kwenye matriksi (jedwali la namba), ditaminanti yake, yaani namba moja inayokokotolewa kutoka jedwali zima, ni 1 − 0.81 − 0.64 = −0.45, na matriksi ya korelesheni haikubali ditaminanti hasi. Kiwango cha chini kabisa cha korelesheni ya A na C ni karibu 0.46. Ukishindwa kueleza kwa nini, usiruke aljebra ya mstari.

Hatua ya 3. Soma mahali panapotoa gredi rasmi. NetMath ya University of Illinois inafundisha kozi hizi mtandaoni. Video za bure ni nzuri kwa kuelewa, ila hazikupi cheti cha matokeo.

Hatua ya 4. GRE (mtihani wa kuombea masomo ya uzamili), pale inapotakiwa. Sehemu ya hesabu ni alama 130 hadi 170 na haina kalkulasi, kwa hiyo 169 haizibi pengo. Lakini 157 italitangaza pengo hilo kwa tarumbeta. Matokeo hudumu miaka 5.

Hatua ya 5. Kalenda. Programu nyingi za Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Februari. Kozi utakayoanza Oktoba itaonekana “inaendelea”, bila gredi. Anza Januari, karibu mwaka mzima kabla ya maombi kufungwa, na barua moja ya mapendekezo itoke kwa aliyekufundisha hesabu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nina C ya kalkulasi ya kwanza. Nirudie?
Jibu: Panda juu, mkuu. A ya vigeu vingi inaifunika hiyo C. Rudia tu kama integrali za kawaida bado zinakushinda.

Swali: Nina CFA (cheti cha wachambuzi wa fedha) ngazi ya kwanza, haitoshi?
Jibu: Inaonyesha unaijua fedha. Kalkulasi haimo, kwa hiyo upande wa hesabu bado uko palepale.

Swali: Nina D moja kwenye matokeo. Niielezeje kwenye maelezo binafsi?
Jibu: Sentensi mbili: kilichotokea, na kozi uliyofanya vizuri baada yake. Ukizidisha hapo, msomaji ataikumbuka D kuliko A.