Jina la joka lijaribiwe kwa sauti

Anayetunga hadithi au mchezo wa kompyuta wenye majoka asirundike konsonanti ambazo msomaji wa Kiswahili atazikwepa kila akizifikia. Alitamke jina kama mtu anayeita kutoka mtumbwini upepo wa ziwa ukivuma: Gwandaro litasikika hadi ufukweni, ilhali Krzth litamezwa palepale.

Mimi huanza na mahali joka linapolala. Joka la juu ya majabali yaliyopandana, kama yale ya Bismarck Rock hapa Mwanza, linastahili sauti nzito za mb, nd na ng, tuseme Ndomburo. Lile linalopenya chini ya magugumaji lipewe s, f na sh, kwa mfano Sheshufa. Kisha nijiulize ni nani aliyelipa jina hilo, kwa sababu wavuvi wanaolihofia hawatathubutu kulitaja moja kwa moja, bali watasema "Mzee wa Kina", na hapo mtunzi anapata majina mawili ya kuchezea, la siri na la hadharani.

Shing'weng'we, zimwi la ngano za Wasukuma lililowameza watu hadi likauawa na Masala Kulangwa, ningeliacha lilipo, kwani wasomaji wengi wa Kanda ya Ziwa watajua mwisho wake kabla hujaanza kusimulia.

Kwa upande wa michezo, jina liwe fupi, na ritifaa ya ng' iepukwe, maana baadhi ya programu huikataa.