Somo: Kuhifadhi namba kwa baineri kwenye orodha ya Scratch

Leo tunachukua namba ya kawaida, tunaivunja iwe sifuri na moja, kisha tunaipanga kwenye orodha ya Scratch, programu ya kuandika kodi kwa kupanga bloku. Kila namba tutaipa nafasi 8, yaani tunaweza kuhifadhi kuanzia 0 hadi 255. Shikilieni hizo 8 hata namba ikiwa ndogo. Urefu ukibadilikabadilika, ikiingia namba ya pili hutajua ya kwanza imeanzia wapi.

1. Tengeneza kigeu "namba" na orodha "biti" (biti ni tarakimu moja ya baineri, 0 au 1). Futa vyote vilivyomo kwenye orodha, kisha ipe namba thamani 13.

2. Weka bloku ya kurudia mara 8. Ndani yake, tafuta baki la namba ukigawanya kwa 2 (bloku ya mod), uliingize kwenye nafasi ya 1 ya orodha. Usiliweke mwishoni! Baki la kwanza ndilo tarakimu ya kulia kabisa, kwa hiyo kila baki jipya lazima liyasukume yaliyotangulia.

3. Humohumo ndani, gawanya namba kwa 2 na uondoe desimali kwa floor.

Mabaki yatatoka 1, 0, 1, 1, halafu sifuri tupu. Orodha isomeke 0 0 0 0 1 1 0 1.

4. Kuirudisha: weka "jibu" liwe 0, pitia nafasi ya 1 hadi ya 8, kila mara jibu liwe jibu × 2 + biti ya hapo.

Ukiingiza namba nyingine bila kufuta, mpya inakaa 1 hadi 8 na ya zamani inahamia 9 hadi 16.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Nimefuata hatua zote ila nimetumia round, 13 inarudi 243.*
Marahaba. Ni hiyo round. 6.5 inaipandisha kuwa 7, na ukifika 1, nusu yake inapandishwa tena kuwa 1, haishi. Weka floor.

*Hii inaokoa memori?*
Hapana, kwenye Scratch kila biti inachukua nafasi nzima ya orodha. Faida yake ni nyingine: taa 8 za mchezo wako, zinazowaka na zilizozimwa, unaziweka zote kwenye namba moja.

*Na namba hasi, kaka?*
Jaribu -5 bila kubadilisha bloku hata moja. Mod ya Scratch haitoi baki hasi ukigawanya kwa 2, na floor inashuka kwenda chini, kwa hiyo utapata 1 1 1 1 1 0 1 1, ambayo ni 251. Wakati wa kusoma, nafasi ya 1 ikiwa na 1, toa 256 kwenye jibu: inarudi -5. Ila ukichagua njia hii, mipaka yako inakuwa -128 hadi 127.