Jinsi ya kuzisaka bendi za rock ya gereji zisizojulikana, na santuri zao

Rock ya gereji tunayoizungumzia hapa ni ile ya Marekani, kuanzia 1964 hadi 1968 hivi. Vijana wa sekondari waliwaona The Beatles kwenye televisheni Februari 1964, wakanunua magitaa na kuanza kupigia mazoezi kwenye gereji za wazazi wao. Wengi waliishia kutoa santuri moja tu ya mizunguko 45 kwa dakika, kwa pesa zao wenyewe, nakala mia chache. Ziliuzwa kwenye dansi za shule, chache zikapelekwa redio ya mji, basi. Ndiyo maana ukitafuta kwa jina la bendi peke yake hufiki mbali. Yapo majina mengine kwenye karatasi ya katikati ya santuri, nayo ndiyo ya kufuata: lebo (kampuni iliyotoa santuri), mtunzi, mchapishaji wa muziki, prodyuza.

Anza na mikusanyiko, yaani albamu zenye nyimbo za bendi nyingi. Nuggets, iliyoandaliwa na Lenny Kaye na kutolewa na Elektra mwaka 1972, ina nyimbo 27 na itakuzoesha mlio wenyewe, ila bendi zake kadhaa zilishavuma kitaifa. Pebbles ya Greg Shaw, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, inashuka chini zaidi. Aliyechimba hasa ni Tim Warren wa Crypt Records: Back from the Grave, iliyoanza 1983, imejaa bendi ambazo hata miji yao ilikuwa imezisahau. Tafuta nakala yenye maelezo yake yaliyochapishwa, maana humo mna majina ya wanamuziki, miji na lebo, na hayo ndiyo utakayoyafanyia kazi. Highs in the Mid-Sixties nayo imepangwa kwa maeneo: Texas, Michigan, Chicago na kwingineko. Chagua eneo moja ukae nalo. Anayerukaruka nchi nzima hukusanya nyimbo nzuri bila kuona jinsi bendi zilivyohusiana.

Tuchukue mfano wa Kaskazini-Magharibi ya Marekani. Umewasikia The Sonics wa Tacoma, jimbo la Washington, wakipiga "The Witch" ya 1964, ngoma zikigongwa kama mlango unaovunjwa. Usiulize kwanza walitoa nini kingine. Angalia lebo: Etiquette. Lebo hiyo ilianzishwa mwaka 1961 na wanamuziki wa bendi nyingine ya Tacoma, The Wailers. Fungua orodha yote ya Etiquette, namba kwa namba, na utawakuta The Galaxies, walioshiriki albamu ya Krismasi ya 1965 pamoja na Sonics na Wailers. Kisha fuata fundi mitambo, Kearney Barton wa Seattle, uone nani wengine walirekodi kwake. Wimbo mmoja umekupa kundi zima la bendi.

Hapo hapo kuna mtego: Wailers hawa si wale wa Jamaika wa Bob Marley, ingawa wote walikuwa wakirekodi muongo huo huo. Majina ya bendi yalirudiwa mno. The Outcasts walikuwepo katika zaidi ya mji mmoja. Kwenye Discogs na 45cat, tovuti zenye orodha za santuri, tafuta kwa jina la lebo na namba ya santuri, si kwa jina la bendi. Vinginevyo utaunganisha watu wasiojuana.

Njia nyingine yenye faida kubwa ni orodha za wiki za redio. Stesheni za AM zilichapisha vikaratasi vya nyimbo zinazoongoza, vikagawiwa kwenye maduka ya santuri. Vingi vimehifadhiwa kwenye tovuti ya ARSA. Chukua stesheni ya mji wa kati, soma wiki tano au sita zinazofuatana za 1966, halafu linganisha na orodha ya taifa ya jarida la Billboard, ambayo matoleo yake ya zamani yapo kwenye tovuti ya World Radio History. Wimbo uliopanda kwenye mji huo na haupo kabisa kwenye orodha ya taifa, andika. Mara nyingi ni wa bendi ya pale pale.

Ukishaishika santuri, au picha yake, soma sehemu tupu iliyo kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya katikati. Imulike kwa taa ya pembeni, herufi zitatokeza. Santuri zilizofyatuliwa na kampuni ya RCA kwa wateja binafsi zina msimbo ambao herufi yake ya kwanza ni mwaka: R ni 1964, S 1965, T 1966, U 1967, W 1968. Msimbo unaoanza na ZTS ni wa Columbia. Pembetatu ndogo yenye namba ni ya kiwanda cha Monarch, Los Angeles. Namba za Rite, kiwanda cha Cincinnati, nazo wakusanyaji wamezipangia orodha za miaka. Lakini kiwanda si nyumbani kwa bendi. Rite ilipokea oda za watu wa majimbo mengi, hivyo Cincinnati haikuambii bendi ilitoka wapi. Mji utaupata kwenye anwani iliyoandikwa kwenye karatasi, au kwa kulitafuta jina la mtunzi kwenye madaftari ya hakimiliki ya Marekani yaliyopigwa skani na kuwekwa Internet Archive.

Angalia pia kama wimbo ulitoka mara mbili. "96 Tears" ya ? and the Mysterians (alama ya kuuliza ni sehemu ya jina) wa Michigan ilitoka kwanza kwenye lebo ndogo ya Pa-Go-Go mwaka 1966, kisha Cameo wakaichukua, na Oktoba ikashika namba moja kitaifa. Nakala ya Cameo ni rahisi kuipata. Ya Pa-Go-Go ni habari nyingine, na bei yake vilevile.

Kabla ya kulipa, omba picha za pande zote mbili na za ile sehemu tupu, na uulize kama muuzaji ameisikiliza santuri au ameitazama tu. Swali hili lina uzito kwa sababu santuri nyingi za 45 si za vinili bali za polistireni, plastiki ngumu ambayo karatasi yake imebandikwa kwa gundi. Ikipigwa kwa sindano nzito au iliyochakaa, mifuo yake huharibika haraka: kwa macho inang'aa, kwa masikio inakwaruza. Kinyume chake, jina la DJ lililoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi hushusha bei bila kugusa sauti. Nunua hizo.

Nakala bandia hujionyesha. Maandishi ya karatasi yamefifia kingo au yana vitone vya picha iliyonakiliwa, msimbo wa kiwanda haupo au umechorwa kwa mkono pale nakala halisi ilipopigwa muhuri. Dalili ya uhakika zaidi: santuri ni safi kabisa, lakini unasikia mikwaruzo. Mikwaruzo hiyo ni ya santuri nyingine iliyonakiliwa.

Kwa kusafisha, tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke na tone moja la sabuni laini ya maji, bila kulowesha karatasi. Spiriti usiipeleke kwenye polistireni. Piga kwa mono kama amplifaya yako ina swichi hiyo, kelele itapungua. Anayeishi pwani abadilishe vifuko vya karatasi vya zamani mapema, kwa sababu unyevu huotesha ukungu, na azisimamishe wima mbali na jua.

Ukikuta santuri ambayo haimo kwenye Discogs wala 45cat, iingize: picha za pande zote mbili, msimbo wote kama ulivyo pamoja na alama zake, na anwani yoyote iliyoandikwa. Mwaka usipoujua kwa ushahidi, acha nafasi hiyo wazi.