Kufufua Bwawa Lililo Katikati ya Makazi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mabwawa mengi yaliyozungukwa na nyumba katika kaunti ya Kiambu, hasa pande za Ruiru na Juja, yalijengwa na wenye mashamba ya kahawa kwa ajili ya kumwagilia mibuni na kuendesha viwanda vya kumenya buni. Mashamba yalipokatwa viwanja, bwawa lilibaki chini ya mteremko, mahali ambapo kila kinachomwagwa mtaani hufika hatimaye: maji ya mapaa, povu la kuoshea magari, mbolea ya bustani na, mara nyingi kuliko wakazi wanavyopenda kukiri, majitaka. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kamati za wakazi zinazotaka kurudisha uhai wa bwawa la ukubwa wa hekta 1 hadi 5 hivi.

Karibu kila kamati inayoniita huwa imekwisha kununua dawa ya kuua mwani, yaani vijimea vidogo vinavyogeuza maji ya bwawa kuwa kijani. Dawa hiyo hufanya kazi kwa wiki chache, kisha mwani uliokufa huzama, huoza, na virutubisho vilivyokuwa ndani yake huotesha mwani mpya. Kirutubisho cha kuogopwa zaidi ni fosforasi, kwa kuwa kilo 1 tu inaweza kuotesha takriban kilo 500 za mwani mbichi. Mwaka 1973 watafiti wa Kanada waliligawa ziwa moja dogo huko Ontario, linaloitwa Ziwa 226, kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili walitia kaboni na nitrojeni, lakini fosforasi waliitia upande mmoja pekee, na ni upande huo uliogeuka kijani.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Tengeneza sahani ya Secchi, kifaa cha kupimia uangavu wa maji. Chukua bati la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 20, ligawe robo nne, uzipake rangi nyeusi na nyeupe kwa kupokezana, ulifungie uzito chini, kisha ulitie kamba isiyonyumbuka yenye fundo kila baada ya sentimita 10. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ukiwa upande wa mtumbwi wenye kivuli, teremsha sahani mpaka ipotee machoni na uhesabu mafundo. Ivute taratibu mpaka ionekane tena, uhesabu mara ya pili, kisha uandike wastani wa vipimo hivyo viwili. Ikipotea kabla ya nusu mita katika maji ya kijani, tatizo lako ni mwani. Ikipotea hivyo katika maji ya kahawia, unapambana na udongo, na dawa ya mwani haitakusaidia hata kidogo. Pima kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, kwa muda wa mwaka mzima.

Mwani wenyewe pia uuchunguze. Jaza chupa angavu maji ya bwawa, uiache kwenye friji usiku kucha bila kuitikisa. Tabaka la kijani likielea juu asubuhi, yaelekea ni sianobakteria, yaani bakteria zinazofanana na mwani, ambazo baadhi yake hutoa sumu inayodhuru ini. Zuia watoto, mbwa na ng'ombe wasiguse maji hayo mpaka sampuli ipimwe maabara. Yeyote anayeingia majini avae mabuti marefu ya mpira, kwani konokono wa kichocho hupenda kingo tulivu zenye majani.

Hatua ya 2: Fuata mitaro mpaka kwenye chanzo

Hii ndiyo hatua ninayoitumia muda mwingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na watu wengi. Anza wakati wa kiangazi. Zunguka bwawa mwezi wa Februari, baada ya siku kumi bila mvua, ukitia alama kwenye ramani kila mtaro unaotiririka, kwa sababu mtaro unaotiririka wakati huo haubebi maji ya mvua. Huenda ni chemchemi, lakini chemchemi haina utelezi wa kijivu kwenye mawe wala harufu ya sabuni. Panda na mtaro huo, chemba moja baada ya nyingine, mpaka ufike mahali ambapo juu yake ni pakavu na chini yake pana maji. Hapo ndipo bomba lilipounganishwa. Ikibaki shaka kati ya nyumba mbili, omba ruhusa ya kumwaga chooni rangi isiyo na sumu wanayotumia mafundi kupimia mabomba, kisha msubiri mtaroni.

Ukishampata mwenye bomba, mpigie hodi kabla ya kumwandikia barua. Mara nyingi hajui. Fundi aliunganisha bomba usiku ili amalize kazi, au shimo la kufyonza liliziba zamani na maji yakajitafutia njia. Kuna wanaojua pia, na hao ndio wa kuandikiwa barua.

Rudi tena mvua kubwa za kwanza zinapoanza, ukiwa na mwavuli na chupa za sampuli. Maji ya nusu saa ya kwanza ndiyo huwa yamebeba uchafu mwingi zaidi, na rangi yake itakuonyesha ni kiwanja gani kinachojengwa bila kuzuia udongo wake.

Hatua ya 3: Tega tope na upande kingo

Mahali mtaro mkuu unapoingilia, chimba kidimbwi cha kutuliza maji, chenye ukuta mdogo wa mawe upande wa bwawa, na uhakikishe kuwa mashine ya kuchimbua inaweza kukifikia kwa njia kavu. Kisichofikika hakitasafishwa. Kandokando ya bwawa acha ukanda wa nyasi ndefu, mafunjo na matete usiotiwa mbolea, uyakate mara kwa mara na kuyaondoa kabisa, kwa kuwa yakiozea majini yatarudisha yote yaliyofyonza. Kuhusu upana wa ukanda, ulizeni Mamlaka ya Rasilimali za Maji; wasomaji wa Tanzania wanaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60.

Hatua ya 4: Ng'oa gugu maji

Ling'oe kwa mikono na reki kabla halijatoa maua, kwa sababu mbegu zake huishi ndani ya tope miaka mingi, na lianikwe mbali na maji. Katika maji yenye joto na rutuba, gugu hili linaweza kujizidisha maradufu kwa muda wa wiki mbili au chini ya hapo. Kwa hiyo kuondoa nusu yake na kwenda likizo ni kupoteza fedha. Mbawakavu walioachiliwa Ziwa Victoria miaka ya 1990 ili wale gugu hili ni wazuri kwa maji makubwa, ila kwenye bwawa la mtaa vijana kumi na mtumbwi watawatangulia.

Hatua ya 5: Tope na tuta

Piga hesabu kabla ya kuahidi wakazi lolote. Bwawa la hekta 2 lenye tope la sentimita 30 lina mita za ujazo 6,000, yaani lori la mita 10 za ujazo litafanya safari 600, na lazima pawepo mahali pa kuzimwaga. Kazi hiyo inahitaji idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mwiteni pia mhandisi akague tuta linalozuia maji, hasa penye miti mikubwa, mashimo ya wanyama au unyevu upande wa chini. Bwawa la Patel la Solai, Nakuru, lilipopasuka Mei 2018 liliua watu zaidi ya 40.

Hatua ya 6: Hewa, tena polepole

Samaki wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, oksijeni imepungua, kwa kuwa usiku mwani huitumia badala ya kuitoa. Mashine ya kupuliza hewa husaidia, lakini kosa la kuiwasha mchana kutwa siku ya kwanza nimelifanya mimi mwenyewe: maji ya chini yasiyo na oksijeni yalipanda yote kwa pamoja, na asubuhi yake tukaokota tilapia kwa ndoo. Siku ya kwanza iwashe kwa nusu saa, kisha uongeze muda maradufu kila siku mpaka ifikie saa 24.

Baada ya hapo kazi ni ya kalenda. Kidimbwi cha tope husafishwa kila Februari, kabla ya mvua ndefu. Mitaro hukaguliwa siku hizohizo, wakati bado ni mikavu. Na vipimo vya sahani ya Secchi hubandikwa kwenye lango la mtaa. Usitarajie nafuu kubwa katika mwaka wa kwanza hata majitaka yote ya mitaroni yakizuiwa, kwa sababu tope la zamani litaendelea kutoa fosforasi yake kwa misimu kadhaa.