Skrini ya laptopu ikizima na kuwaka, usikimbilie kununua nyingine

Mteja akiniletea laptopu ambayo skrini huzima sekunde mbili tatu kisha ikawaka yenyewe, siipokei. Namvutia kigoda, namwomba aiwashe aitumie vile huitumia nyumbani, nami naendelea kuchomelea chaja ya mtu mwingine huku nikimtazama kwa pembe ya jicho. Duka langu lina upana wa mlango mmoja, chini ya ngazi za jengo moja la barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, na kigoda hicho kimetatua shida nyingi kuliko bisibisi zangu.

Mwaka jana alikikalia mwalimu kutoka Ahero. Alikuwa amebadilishiwa skrini kwingine, akalipa, na jioni hiyohiyo giza likarudi. Akafungua maswali yake ya mtihani, akaandika, ikakaa sawa dakika kumi. "Si umeona, fundi? Ikikuona wewe inajifanya imepona." Mara simu yake ikalia. Akaongea, akafunga jalada la simu, akailaza juu ya laptopu, upande wa kushoto wa padi ya kugusia. Giza. Akaiinua asome ujumbe, skrini ikawaka.

"Mwalimu, hebu irudishe simu palepale."

Giza.

"Iondoe."

Ikawaka. Alicheka mpaka akakumbuka pesa za skrini, akanyamaza.

Laptopu nyingi hujua kwamba zimefungwa kwa sababu kuna sumaku ndogo kwenye fremu ya skrini na kihisi chini ya kibodi. Kihisi hicho hakiulizi sumaku ni ya nani. Jalada la simu lenye kishikizo cha sumaku, bangili, spika ndogo, hata laptopu nyingine iliyo chini yake, vyote vinaweza kuiambia mashine kwamba umeshafunga kazi. Kwa hivyo anza hapo, maana hakuna gharama: ondoa kila kitu mezani, vua bangili, tumia saa moja.

Cha pili ni stima. Soketi nyingi za nyumba za kupanga zimelegea, na ekstensheni tunazonunua njiani ndizo hizo. Plagi ikicheza, laptopu inaruka kutoka kwa chaja hadi kwa betri na kurudi, na kila mara inabadilisha mwangaza. Zile zenye skrini za kasi, za kuchezea gemu, nyingine hushuka kutoka kuchora picha mara 144 kwa sekunde hadi 60 zikikosa chaja, na katika kubadili huko skrini huwa nyeusi kidogo. Huo si ugonjwa. Chomoa chaja, fanya kazi kwa betri nusu saa. Giza likikoma, chunguza plagi, ekstensheni, na ncha ya chaja inapoingia. Kama ni ile ya kasi, ingia Settings, System, Display, kisha Advanced display, uiweke 60 kote kote uone.

Ikizima hata kwa betri peke yake, swali linakuwa moja: ni Windows au ni vyuma? Watu hubishana sana hapa, na ubishi wenyewe ni rahisi kuumaliza. Zima mashine, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows: F2 kwa Dell na Acer nyingi, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ukishaingia usiguse kitu. Iache hapo dakika ishirini, nenda ukanywe chai. Windows haijaamka hapo, kwa hivyo ikizima mle ndani, usihangaike na programu tena. Wenye Dell wana jambo la ziada: shikilia herufi D huku ukiwasha, skrini itajipitisha rangi moja baada ya nyingine bila msaada wa mtu.

Ikitulia kwenye BIOS na kusumbua ndani ya Windows tu, shuku draiva ya picha, ile programu inayoiwezesha Windows kuongea na chipu ya picha. Windows huipa chipu ya picha sekunde 2 kujibu. Isipojibu, draiva inauawa na kuanzishwa upya, na ule weusi unaouona ndio mazishi na ufufuo wenyewe. Tukio hilo huandikwa: fungua Event Viewer, Windows Logs, kisha System, utafute namba 4101. Linganisha saa iliyoandikwa na saa skrini ilipozima. Naipenda namba hiyo kwa sababu mteja hawezi kuniambia ninabahatisha. Na siku skrini ikikwama nyeusi kabisa, kabla ya kuizima kwa nguvu bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Itapepesa na kulia kidogo, draiva ianze upya, na kazi uliyokuwa hujaihifadhi ibaki.

Kama shida ilianza baada ya masasisho, ingia Device Manager, Display adapters, ufungue jina la chipu yako, Driver, halafu Roll Back Driver, irudi ile ya zamani. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, pakua draiva kutoka tovuti ya waliotengeneza laptopu, ya modeli yako hasa. Usiamini programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja. Kwenye chipu za Intel kuna pia kitu kinaitwa Panel Self Refresh, cha kubana betri, ambacho skrini zingine hazielewani nacho. Kizime ndani ya programu ya Intel, sehemu ya Power, utumie siku mbili.

Sasa, ikizima hata kwenye BIOS, mkosaji ninayekutana naye zaidi ni waya wa skrini. Unatoka kwenye bodi, unapenya kando ya bawaba, unapanda nyuma ya kioo. Kila ukifungua laptopu unaukunja, ukifunga unaukunja tena. Ongeza mkoba mgongoni, bodaboda, matuta ya Kondele, na ile tabia ya kufungua kifuniko kwa kona moja. Kuupima hakuhitaji fundi. Fungua kifuniko polepole kutoka karibu kufungwa hadi mwisho wa nyuma, kisha urudi. Ikizima kila mara kwenye pembe ileile, umempata. Kuna msichana wa chuo ambaye yake ilizima pale pa kawaida pa kutazamia, lakini akiilaza nyuma kabisa inakaa sawa. Alisoma muhula mzima akiwa amelala chali.

Giza likishika, mulika skrini kwa tochi ya simu, kwa mshazari. Ukiona maandishi yamefifia kwa mbali, picha ipo na kilichokatika ni taa ya nyuma. Ichomeke pia kwa TV kwa waya wa HDMI: TV ikiendelea kuonyesha wakati skrini ni nyeusi, chipu ya picha ni nzima, na tatizo liko kati ya bodi na kioo.

Ukiamua kuifungua mwenyewe, chomoa chaja na uiondoe betri, au uchomoe waya wake kwenye bodi, kabla hujagusa kiunganishi cha skrini. Kiunganishi hicho hubeba umeme wa taa ya nyuma, na kukichomoa mashine ikiwa na moto kunaweza kuunguza fyuzi ndogo kwenye bodi. Nimeshapokea laptopu kadhaa zilizoharibikia hapo, si kwa ule ugonjwa wa kwanza. Mara nyingine kuuchomoa waya wa skrini na kuurudisha vizuri kunatosha. Za nyumba zilizo karibu na ziwa huwa na ukungu wa kijani kwenye pini. Mswaki laini na spiriti kali huutoa, ila iache ikauke kabisa.

Ukiagiza waya mpya, usitumie jina la laptopu peke yake. Soma namba iliyo kwenye kibandiko cha waya wa zamani, na uhesabu pini, maana kuna za 30 na za 40 ambazo kwa macho zinafanana. Fundi akikubadilishia, mwombe ule uliotoka. Wa yule msichana niliuweka chini ya lenzi aone mwenyewe: pale kwenye bawaba ganda lilikuwa limechanika, nyuzi za shaba zimetoka nje kama kola ya shati iliyosuguliwa miaka. Aliukunja, akautia mfukoni.