Jinsi ya kuialika kliniki ya usingizi kwenye jumuiya yenu (kwa tulioko Marekani)

Habari zenu wapendwa. Mi nafanya kazi usiku kwenye maabara ya usingizi huku Marekani, nabandika watu nyaya kichwani alafu nawaangalia wakilala mpaka asubuhi. Kinachoniuma ni wenzetu kuja wamechelewa, presha imeshapanda, mwingine ameshasinzia kwenye usukani, kisa tumezoea kwamba mtu akikoroma basi kalala usingizi wa pono. Anakoroma, ghafla kimya, alafu anashtuka kama mtu anayezama. Hapo pumzi imekatika jamani, na huo ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, kwa kiingereza sleep apnea.

Hatua ya 1. Tafuta kliniki yenye ithibati ya American Academy of Sleep Medicine, yaani chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi. Ithibati yao ni ya miaka 5, sio ya milele, kwahiyo uliza yao inaisha lini.

Hatua ya 2. Kama kliniki iko chini ya hospitali isiyo ya faida una pa kushika. Sheria ya afya ya 2010 (Obamacare) inazitaka hospitali hizo kila baada ya miaka 3 zichunguze mahitaji ya afya ya watu wa eneo lao, na ripoti iwe wazi kwa yeyote. Isome, angalia kama jamii yenu imetajwa hata mara moja. Sheria haisemi lazima waje kupima usingizi, ila wamesamehewa kodi ili wawahudumie watu na nyie ni watu wa hapo, ongeeni bila kunyenyekea.

Hatua ya 3. Siku yenyewe iwe baada ya ibada, watu wakiwa bado wamekaa. Vinatosha futi ya kupimia shingo, mashine ya presha na dodoso la STOP-Bang, yaani maswali 8 ya ndiyo au hapana ya kuona nani yuko kwenye hatari ya ugonjwa huu. Tafsirini mapema tena vizuri, maana ukimuuliza mtu wetu "unachoka mchana?" atasema nani hachoki na shifti mbili, muulize "ukikaa kimya unasinzia?" utapata jibu la kweli. Na mke au mume akae pembeni, yeye ndo anayesikia usiku.

Hatua ya 4. Aliyepata "ndiyo" 3 kwenda juu aandikiwe miadi palepale, 5 na zaidi asicheleweshwe. Dodoso linaonyesha hatari tu, ugonjwa unathibitishwa na kipimo cha usiku.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Swali: Mume wangu dereva wa roli, anaogopa akipimwa atanyang'anywa leseni.
Jibu: Dada, shida kubwa ni ugonjwa usiotibiwa. Akipewa CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili njia ya pumzi isizibe, akaivaa kila usiku, daktari anaweza kumpitisha aendelee na kazi. Mwambie barabarani hayuko peke yake.

Swali: Mama hajui kiingereza, mjukuu atafsiri?
Jibu: Hapana, mtoto asibebeshwe hilo. Hospitali inayopokea pesa za Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) inatakiwa impe mkalimani bure, ombeni wa Kiswahili siku mnapopanga miadi.

Swali: Bima sina kabisa.
Jibu: Hospitali isiyo ya faida lazima iwe na utaratibu wa kusaidia wasio na uwezo, omba fomu KABLA ya kipimo, na uulize kama cha kufanyia nyumbani kinakufaa maana bei yake iko chini sana kuliko kulala maabara.

Swali: Mi mwembamba ila nakoroma balaa, nahusika?
Jibu: Unahusika kaka. Wapo wembamba wenye taya dogo au tonsili kubwa na pumzi zinakatika vilevile, njoo upimwe.